Kompyuta Iliyogoma Siku ya Ramani

Mbuke alikamua ng'ombe wake wawili, akafunika maziwa, akanawa mikono. Siku nyingine saa hizi angekuwa anafagia uwanja. Leo ufagio aliuacha ukutani. Aliketi kwenye kigoda mlangoni, akaiweka kompyuta mapajani.

Mbuke alikuwa katibu wa kamati ya ngitili katika kijiji chao, si mbali na Tinde. Ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua. Hakuna anayechunga humo, nyasi zinaachwa zikue. Kiangazi kikikaza na mbuga ikigeuka vumbi, ndipo ng'ombe huingizwa. Bila ngitili, mifugo ya kijiji hufa kwa njaa.

Sasa Kalisti, dalali wa dhahabu, alidai kwamba ngitili inaishia kwenye korongo. Ng'ambo ya korongo, alisema, ni ardhi ya wazi, na alitaka wachimbaji wake waanze kufukua huko. Mkutano wa kijiji ulikuwa leo, saa nane mchana. Mtendaji wa kijiji alikwisha kusema, "Kamati ilete ramani. Bila ramani, siwezi kuwazuia."

Kamati ilizunguka mpaka wote kwa miguu, simu ya Mbuke ikirekodi kila kona. Kilichobaki ni programu ya kuchora ramani. Ilikuwepo moja nzuri, tena huria. Maana yake, yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuigawa, hata kuifungua aone ilivyotengenezwa. Jirani yake Mwahija alimwandikia kwenye daftari amri mbili za kuiandikia kompyuta. Amri ya kwanza inaleta orodha mpya ya programu. Amri ya pili inaipakua programu ya ramani na kuiweka.

Mbuke aliunganisha kompyuta na intaneti ya simu yake. Akaandika amri ya kwanza, herufi moja moja. Ikatokea mistari mingi ya Kiingereza. Akaandika ya pili. Kompyuta ikajibu kwamba programu hiyo haipo.

"Imekataa tena," alisema.

Jana alijaribu mara nne. Aliongeza bando. Alipanda juu ya mwamba nyuma ya nyumba, kompyuta kichwani kama ungo wa mpunga, akitafuta mtandao wenye nguvu. Jibu lilikuwa lile lile.

Makoye, mumewe, alitoka ndani akipiga mswaki. "Mama Doto, huo mtandao wa huku si unaujua? Tumwachie Kalisti ng'ambo ya korongo, sisi tubaki na upande huu."

"Nyasi nyingi ziko upande gani, Baba Doto?"

Makoye alitema povu, akanyoosha mswaki kuelekea ng'ambo ya korongo.

"Basi hapati hata unyayo mmoja," Mbuke alisema.

Pikipiki ilikuja ikasimama uwanjani. Alikuwa Kalisti mwenyewe, miwani ya jua usoni asubuhi yote hiyo.

"Mwangaluka, mayo," alisalimia kwa Kisukuma, akimwamkia kama mama.

"Mwangaluka."

"Nasikia mnachora ramani kwa programu ya bure." Alicheka. "Cha bure, mayo! Ndiyo maana hakifanyi kazi. Ramani wanachora wasomi. Wewe kamua maziwa."

"Maziwa nimeshakamua, Kalisti. Kabla wewe hujaamka. Tutaonana saa nane."

Kalisti aliondoka akitikisa kichwa. Vumbi lake lilikuwa bado halijatulia Mwahija alipokatiza uwanjani, akielekea kazini kwenye mizani ya kiwanda cha pamba. Hakusomea kompyuta popote. Alijifunza mwenyewe, kosa moja baada ya jingine.

"Shikamoo, dada Mwahija."

"Marahaba, Mama Doto. Mbona uso umekunjamana?"

"Mtandao umenishinda."

"Nani kakwambia ni mtandao?"

Mbuke alifikiri. "Hakuna. Nimeona tu imekataa."

Mwahija alivuta kigoda. "Tusimhukumu mtandao kabla ya kumhoji. Fungua tovuti yoyote, ya habari, ya mpira, yoyote."

Mbuke alifungua. Picha zikatokea.

"Basi mtandao upo," Mwahija alisema. "Ulihangaika na mwamba bure. Sasa rudia amri ya kwanza. Kisha usome ilichosema, mpaka mwisho. Watu wengi wakiona maandishi mekundu wanafunga macho. Ujumbe wa kosa si matusi. Ni kompyuta inakueleza inapoumwa."

Amri ikarudiwa. Mwahija akaufuata mstari kwa kidole, akiutafsiri taratibu.

"Inasema, orodha imepatikana, lakini bado haijaanza kutumika. Itaanza baada ya saa tano na dakika thelathini."

"Kwa hiyo tusubiri mpaka alasiri?" Makoye aliuliza. "Mkutano utakuwa umeshaanza!"

"Subiri kwanza, shemeji. Orodha hii ina muhuri wa saa ilipoandikwa. Kompyuta inaona muhuri ni wa saa ambayo haijafika. Ni kama kupokea leo barua iliyoandikwa kesho. Hata mimi ningeikataa. Saa ngapi sasa?"

Mbuke alitazama pembeni mwa kioo cha kompyuta. "Saa mbili na dakika arobaini na saba. Imeandikwa mbili, nukta mbili, arobaini na saba."

Mwahija alitikisa kichwa kukubali. Ndiyo, ni saa tatu kasoro. Kisha akainama tena, akaitazama ile saa kwa muda.

"Hapana," alisema polepole. "Sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza. Kompyuta inaanza saa sita ya usiku. Saa mbili yetu ya asubuhi, kwake ni nane. Ikiandika mbili, yenyewe inajua ni saa nane za usiku, watu wote wamelala. Imebaki nyuma saa sita nzima. Nani aligusa saa hii?"

Makoye alisafisha koo.

"Ilikuwa inadanganya," alisema. "Ni saa mbili, yenyewe inasema nane. Nikairekebisha. Kesho yake ikarudi kwenye uongo wake. Nikatafuta mpaka nikapata mahali inapojirekebisha yenyewe, nikapazima."

Mbuke alimtazama mumewe. "Baba Doto! Mimi napanda mwamba, kumbe dawa na ugonjwa viko nyumbani?"

"Nilitaka isome saa kama watu!"

Mwahija alicheka mpaka akajifuta machozi. "Usimgombeze, Mama Doto. Hata mimi niliisoma nikaona sawa. Shemeji, wewe ukiitazama, toa sita kichwani. Yenyewe iachie hesabu yake."

Alimwonyesha Mbuke mahali pa kuruhusu saa ijiweke yenyewe kwa intaneti. Mbuke akabofya. Saa ikaruka, ikasoma nane na dakika hamsini na tano.

"Na jambo jingine," Mwahija alisema akisimama. "Kuna watakaokufundisha amri ya kuilazimisha kompyuta ipuuze muhuri. Usikubali. Muhuri ndio unaotulinda na orodha za kughushi. Rekebisha saa, usimfukuze mlinzi. Mimi nachelewa mizani. Likitokea kosa jingine, fanya hivyo hivyo. Soma, pima, gusa kitu kimoja kwa wakati mmoja."

Mbuke alibaki na daftari lake. Aliandika amri ya kwanza. Orodha ikashuka yote, bila neno. Akaandika ya pili. Programu ikaanza kuja. Asilimia tano. Kumi na mbili. Thelathini.

Ilipofika sitini na moja, simu iliita. Mbuke akapokea.

"Mayo, nimefikiria," ilikuwa sauti ya Kalisti. "Nitawaachia njia ya kupitisha ng'ombe. Mkubali tu mapema, msiaibike mbele ya watu..."

Mbuke alimsikiliza huku macho yakiwa kwenye kioo. Namba ziligota. Sitini na moja. Sitini na moja. Mara maandishi mekundu. Mbuke hakufumba macho. Alisoma. Hili halikuwa lile la kwanza. Halikuzungumzia muhuri. Lilisema kompyuta imeshindwa kuipata seva, yaani ile kompyuta kubwa ya mbali inakohifadhiwa programu.

Saa? Iko sawa. Akajaribu kufungua tovuti ya habari. Haikufunguka. Safari hii mtandao kweli haukuwepo. Ulikuwepo dakika moja iliyopita. Kitu gani kimebadilika?

Alitazama simu iliyokuwa sikioni mwake. Simu hii ndiyo iliyokuwa inaigawia kompyuta intaneti. Ikipigiwa, intaneti yake inakatika.

"Kalisti," alisema.

"Ndiyo, mayo. Umekubali?"

"Nimekubali kukukatia."

Akakata. Simu ikaita tena. Akakata tena, kisha akaizuia namba ya Kalisti isipite. Akarudia amri ya pili. Alidhani itaanza upya, bando lote liishe. Haikuanza upya. Ilichukua kilichokwisha kushuka, ikaendelea. Sitini na mbili. Themanini. Mia.

Mbuke aliingiza alama za mpaka kutoka kwenye simu. Kona kumi na tisa zikatokea, zikaungana zikawa umbo. Korongo halikuwa mwisho. Lilipita katikati ya ngitili kama mkanda kiunoni. Makoye aliinama juu ya bega lake.

"Hapa ndipo nilipochomwa miiba siku ile tulipozunguka mpaka," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akachukua flashi yenye ramani, akapanda baiskeli, akaenda Tinde kuichapisha.

Saa nane mkutano ulijaa. Kalisti alizungumza kwanza, akazungumza vizuri. Zamu ya Mbuke ilipofika, hakuhutubia. Alibandika ramani kwenye ubao.

"Hiyo kaichora nani?" Kalisti aliuliza. "Kwa programu ya bure?"

"Kimeichora kijiji," Mbuke alijibu. "Programu ni huria. Usipoiamini, iweke kwenye kompyuta yako, nikupe alama zetu, uchore mwenyewe. Au twende sasa hivi tutembee. Kona ni kumi na tisa. Viatu unavyo?"

Watu wakaangua kicheko. Mtendaji hakucheka. Alikunja ramani, akasema, "Twende." Walitembea mpaka jua likakaribia kuzama. Katika kila kona, alama ya kwenye ramani ilikuwa pale pale ulipo mpaka wa zamani. Ng'ambo ya korongo ikaandikwa kwenye kumbukumbu za kijiji kuwa ni ngitili.

Mwezi wa tisa ukafika. Mbuga zote zikawa kijivu, isipokuwa mahali pamoja. Siku ya kufungua ngitili, Mbuke alisimama mlangoni mwa uzio na daftari lake, mifugo ikipita. Mwisho wa msafara alikuja Kalisti, akiswaga ng'ombe sita wa mama yake. Mbavu zao zilihesabika. Safari hii hakuvaa miwani. Begani alining'iniza sururu.

Alisimama. "Mayo, hawa nao wamo?"

"Mama yako ni mwanakijiji," Mbuke alisema. "Ng'ombe waingie. Sururu ibaki nje."

Kalisti aliitazama ile sururu, kisha nyasi. Akaiegemeza kwenye uzio, akaingia.