Cherehani Chini ya Shuka

Kila asubuhi, kabla hajabandika chai, Mama Pacha alikwenda kufagia kanisa. Hakuna aliyemtuma. Kufagia ilikuwa kazi ya mlinzi, na mlinzi alishachoka kumwambia apumzike. Siku hizi alikaa tu mlangoni akanyoosha miguu, akamwangalia mwanamke huyo akipitisha ufagio chini ya kila benchi. Akimaliza, Mama Pacha alirudi nyumbani, akachemsha chai, akamwamsha binti yake aende shule, kisha akamlisha mama mkwe wake uji kwa kijiko.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na sebule. Sebuleni, karibu na dirisha, palikuwa na cherehani iliyofunikwa shuka. Juu ya shuka waliweka chupa ya chai, pasi na vikombe. Mgeni angedhani ni meza, lakini mtaa mzima ulijua. Mama Pacha alikuwa fundi wa kushona, tena si fundi wa kubahatisha. Watu walisema ukipitisha kidole ndani ya gauni aliloshona, huusikii mshono.

Hakuwa ameshona kwa miaka kadhaa. Sababu yake inasikitisha, nami nitaisema mapema ili tusifichane. Mama Pacha alizaa pacha, wasichana wawili. Jumapili moja, wakiwa bado wadogo, mmoja aliamka na homa. Mama Pacha alikuwa na gauni la bibi harusi lililotakiwa jioni ile ile. Alimpa mtoto dawa ya homa, akamlaza, akasema akimaliza pindo atampeleka hospitali. Alimaliza pindo. Mtoto alifika hospitali shingo imekakamaa, na hakurudi nyumbani.

Watu walikuja, wakalia naye, wakaondoka. Jina likabaki. Mtaani waliendelea kumwita Mama Pacha, na kila alipoitwa moyo ulimchoma, maana sasa alikuwa na mtoto mmoja. Akajihukumu mwenyewe. Alisema Mungu amemwadhibu kwa kushona siku ya ibada. Akaweka nadhiri kwamba hatagusa cherehani tena maisha yake yote, na kwamba atafagia nyumba ya Mungu mpaka Mungu aridhike. Hakujua Mungu ataridhika lini. Hakuwahi kumwuliza mtu.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Mtaa ulimwita Cheche. Alikuwa mtu wa maneno machache, na macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu ya moto wa kazi. Asiyemjua angedhani analia kutwa, na siku nyingine alikuwa analia kweli. Hakuwahi kumlaumu mkewe kwa kifo cha mtoto. Lakini pia hakuwahi kumwambia lolote la kumtuliza. Walikula kimya, wakalala kimya.

Ndipo mama yake Cheche alipopata kiharusi. Mwili wake wote wa upande wa kulia ukapooza, na ulimi ukawa mzito. Zamani alikuwa mtu wa utani. Alizoea kusema kwamba chai ya mkwewe imepikwa na mtu anayeyaonea huruma majani ya chai. Sasa alisema "maji" na "ee" tu, tena kwa shida.

Mama Pacha alimpenda mama mkwe wake. Alimwogesha, alimlisha, alimbadilisha nguo. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hakulijua. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani lazima ageuzwe. Yeye alimlaza chali, akamfunika vizuri, akamwacha kutwa nzima. Alimwona ametulia, akadhani anapumzika.

Baada ya muda aliona alama nyekundu chini ya kiuno cha mgonjwa. Akaisugua kwa mafuta. Ngozi ikachubuka. Akafikiri sana, kisha akaviringa kitambaa kikawa kata, kama ile ya kubebea ndoo kichwani. Aliiweka chini ya mama mkwe ili kidonda kikae kwenye tundu la kata, kisiguse godoro. Lilionekana jambo la akili kabisa. Lakini kidonda kilizidi, kikaanza kunuka. Mama mkwe naye akaanza kugeuza uso ukutani kila mtu alipoingia. Aliona aibu. Aibu ile ilimwumiza Mama Pacha kuliko ile harufu.

Alifanya nini? Aliamini kwamba Mungu bado hajaridhika. Akaendelea kufagia kanisa, na sasa akaongeza kufunga kula.

Jumapili moja, baada ya ibada, Shemasi alikuja kumwona mgonjwa. Shemasi alikuwa mtumishi wa kanisa lao na pia muuguzi wa zahanati, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, ambaye watoto wa mtaa walimkimbia kwa sababu ya sindano zake. Aliingia chumbani, akamwamkia mama mkwe kwa heshima, akanawa mikono. Harufu aliisikia, lakini hakuziba pua. Alimgeuza mgonjwa taratibu, akaiona ile kata, akaitoa.

"Nani alikufundisha hii?"

"Hakuna. Nilifikiri mwenyewe."

"Ulifikiri kwa upendo, mdogo wangu, lakini inamuumiza," alisema Shemasi. "Kata inabana ngozi kuzunguka kidonda. Damu haipiti. Ngozi isiyopata damu inakufa."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamweleza pole pole. Mgonjwa wa kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili: ubavu huu, chali, ubavu wa pili. Ukiona wekundu, bonyeza kwa kidole. Wekundu usipopotea, hapo pameanza kuumia, na mgonjwa asilalie tena upande huo mpaka papone. Usisugue mahali pekundu, hata kwa mafuta. Shuka liwe kavu, lisiwe na mikunjo. Kidonda kisafishwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Mgonjwa ale vyakula vya kujenga mwili, kama mayai, maharage na maziwa. Akipata homa au usaha, apelekwe hospitali bila kungoja.

Kisha akasema kuhusu mito. Mto mrefu wa kuwekwa mgongoni, ili mgonjwa akilala ubavu asirudi chali. Mto mwembamba wa katikati ya magoti. Mto mdogo chini ya miguu, ili visigino visiguse godoro. Mito ya dukani isingefaa, kwa sababu imejazwa sana na imetengenezwa kwa ajili ya kichwa.

"Kidonda hiki bado kinaweza kupona," alisema akifunga mfuko wake. "Kikifika kwenye mfupa, sitawaambia hivyo tena."

Kesho yake Cheche alipeleka vipimo vya mito kwa fundi wa sokoni. Kwanza alikuwa amependekeza kuunda kitanda cha chuma chenye mkono wa kuzungusha, lakini mama yake alimkodolea macho mpaka akaacha wazo hilo. Mito ililetwa. Ilikuwa na vipimo sawa, lakini mishono yake ilikuwa minene na migumu kama kamba. Mama Pacha aliipitishia kidole, akajua papo hapo kwamba itakwaruza, lakini akaipanga kitandani. Siku chache baadaye, mshono ulikuwa umemchubua mama mkwe kwenye goti.

Jumapili iliyofuata Shemasi alirudi. Aliangalia kidonda, akaangalia goti, akaangalia mto. Kisha akatoka sebuleni, akasimama mbele ya vikombe na chupa ya chai.

"Hii si cherehani?" aliuliza. "Kwa nini mmekwenda sokoni, na fundi mnaye ndani?"

Mama Pacha alijibu kwa sauti ndogo kwamba ana nadhiri. Akasimulia yote: gauni, homa, pindo, shingo ya mtoto. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na mama mkwe alisikia kila neno.

"Unataka nikwambie kwamba hata ungewahi, asingepona?" aliuliza Shemasi. "Sijui. Homa ya uti wa mgongo inaua hata wanaowahi. Lakini sitakudanganya ili upate usingizi."

Mama Pacha alitikisa kichwa. Watu wengi walikuwa wamemfariji kwa uongo, na uongo haukumsaidia.

"Basi tuseme ulikosa. Ulimwomba Mungu msamaha?"

"Kila siku."

"Akakusamehe?"

"Sijui, dada. Ndiyo maana nafagia."

"Kristo alikufa kwa ajili ya kosa lako lote," alisema Shemasi, "au alikuachia ufagio umalizie?"

Shemasi hakumgombeza. Alimweleza kwamba msamaha hupewa mtu bure, haununuliwi kwa kufagia wala kwa njaa. Mtu aliyesamehewa yuko huru. Lakini hakufunguliwa ili akae tu akijitazama. Amefunguliwa ili ampende aliye karibu yake na kumhudumia kwa kile anachokiweza. Mwingine anaweza kuimba, mwingine kufundisha. "Wewe unaweza kushona," alimwambia. "Mungu hakukupa mikono hiyo kwa ajili ya mabibi harusi peke yao."

"Lakini ilikuwa Jumapili," alisema Mama Pacha.

"Na leo ni Jumapili. Yesu mwenyewe aliponya watu siku ya mapumziko, akasemwa. Siku hiyo iliwekwa ili mtu apumzike, siyo ili mgonjwa aoze. Nadhiri umeiweka wewe, mdogo wangu, lakini anayeilipia ni mama. Anailipia kwa mgongo wake."

Mama Pacha akaanza kulia. Alilia kwa sauti, kama ambavyo hakuwa amelia hata siku ya msiba. Alisema kweli aliyoificha muda wote, kwamba si Mungu tu anayemwogopa. Anaiogopa ile cherehani. Anajua kwamba akianza kukanyaga pedali, atamsikia mwanawe akiita kutoka chumbani.

"Hiyo si nadhiri," alisema Shemasi. "Hiyo ni huzuni. Huzuni si dhambi. Utashona huku unalia."

Ndipo sauti ikatoka chumbani, nzito, iliyovutwa kwa nguvu.

"Shona," alisema mama mkwe.

Neno hilo hakuwa amelisema tangu augue. Cheche, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, aliinama akaanza kuondoa vikombe. Aliondoa pasi. Aliondoa chupa ya chai. Akalivuta shuka, na vumbi likapaa mbele ya dirisha. Sindano ilikuwa imeshika kutu na mkanda umelegea. Akaleta mafuta na vifaa vyake, akapiga magoti chini ya cherehani. Alipozungumza, hakumtazama mkewe.

"Siku ile nilikuwepo, mke wangu," alisema. "Nilimwona mtoto ana homa. Na mimi sikusema twende."

Mama Pacha alimwekea mkono begani. Shemasi akaenda chumbani kumgeuza mgonjwa.

Mchana ule Mama Pacha alishona. Alifumua mito ya sokoni, akaishona upya kwa mshono wa kulaza, ule ambao kingo za kitambaa hukunjwa ndani na kulazwa chini. Alilia karibu wakati wote. Binti yake aliingia kutoka uani, akauliza hiyo ni sauti ya nini. Alikuwa amesahau cherehani inavyolia. Mto wa kwanza ulipokwisha, Mama Pacha aliupitisha shavuni mwake kutafuta mahali panapokwaruza. Hakupaona.

Tangu siku hiyo walimgeuza mgonjwa kwa zamu, mume na mke, na dada mmoja wa kanisani aliyekuja mchana. Kidonda kilifunga pole pole, kuanzia pembeni. Harufu iliisha. Mama mkwe akaacha kutazama ukuta. Asubuhi moja alionja chai, akakunja uso upande mmoja, akasema, "Majani." Mama Pacha alicheka mpaka akakaa chini. Kanisani, mlinzi aliurudia ufagio wake kwa manung'uniko. Mama Pacha alikwenda Jumapili, akakaa kwenye benchi kama watu wengine.

Ningependa kuishia hapo, lakini haikuishia hapo. Mvua zilipoanza, kiharusi kilirudi, na safari hii mama mkwe hakuamka. Mito, maombi na mapenzi ya watu wa nyumbani havikumzuia. Waliomwogesha kwa mara ya mwisho walikuwa wanawake wa mtaani. Walipomgeuza walisita. Walikuwa wameshaogesha wengi waliolala kitandani miezi mingi, na walitegemea kuona vidonda. Mgongo wa mama mkwe ulikuwa mzima. Palikuwa na kovu moja tu, limekauka.

Baada ya maziko, mke wa muuza mkaa alibaki nyuma. Alikuwa mmoja wa wale waliouona mgongo ule. Alisimama sebuleni akivuta vuta ncha ya nguo yake. Alisema baba yake amelala tangu mavuno, hajigeuzi, na wao wamemwekea kata chini ya kiuno.

"Mama Pacha," alisema, "nitapataje mito kama ile?"

Jina lile bado lilimuuma. Nadhani litamuuma siku zote. Alifuta macho, akaenda kwenye cherehani, akachukua utepe wa kupimia.

"Kwanza nenda ukaitoe hiyo kata," alimwambia. "Nakuja nyuma yako nimpime."