Kitufe cha Kushoto

Fundi alikigusa kitufe cha kushoto akakuta kina joto, kama kiti kilichoachwa na mtu sasa hivi. Hakuna aliyekuwa akikitumia tena. Hilo alilijua kuliko yeyote, maana uongo ulikuwa wake.

Mashine ile ya kukata soli za viatu ilikuwa na vitufe viwili, huku na huku, na kisu hakishuki mpaka vyote vibonyezwe pamoja. Ndivyo mikono ya mkataji inavyosalimika: ikiwa kwenye vitufe, haiwezi kuwa chini ya kisu. Kiharusi kilipoua mkono wa kushoto wa mkewe, mkataji wa mashine hiyo, bosi alianza kutafuta mkataji mwingine. Fundi akaketi mbele ya kompyuta inayoendesha mashine, akaandika amri ya mstari mmoja, na papo hapo mashine ikaamini kwamba kitufe cha kushoto kimebonyezwa, daima. Mapenzi bwana! Mke akabaki na kazi yake.

"Mama Watoto, umekigusa hiki?"

"Kwa mkono gani, mume wangu?" Alicheka, kisha akashusha sauti. "Lakini hebu tazama."

Vidole vilivyokufa vilikuwa vikicheza juu ya paja lake. Vinabonyeza, vinaachia, vinabonyeza. Mke alilia kwa furaha. Fundi alinusa jasho kama la mgonjwa, ambalo halikuwa la mkewe, akageukia kitufe, akaogopa sana.

Jioni ile aliifuta amri. Skrini ikajibu: KUSHOTO KIMEBONYEZWA. Akafuta tena. Mwishowe aliking'oa kitufe chenyewe, pamoja na nyaya zake, akakitia mfukoni. Jibu likawa lile lile.

Kesho yake alikipeleka kwa bibi mmoja mganga. Bibi alikipokea, akakiachia kikaanguka sakafuni.

"Pepo huyu angekuja mwenyewe ningemtoa," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini umemwita wewe. Ulisema pana mkono pale, naye kauleta."

"Nimeshamfuta, bibi."

"Amesikia? Mkeo yuko wapi saa hizi?"

Mkewe alikuwa kazini.

Fundi alikimbia bila kuaga, akawapita wakataji wengine waliokuwa wakila uani, akasikia mashine ikinguruma kabla hajaufikia mlango, akanusa jasho lile likimjia mpaka kooni, akaingia na kumkuta mkewe ameinama mbele ya mashine, mkono wa kulia uko chini ya kisu pamoja na kipande cha mpira alichokuwa akikiweka sawa, na ule wa kushoto, ule uliokufa, umeufuata humo humo ndani na kuukamata kifundoni.

"Toa mkono!"

"Siwezi." Alinong'ona kama anayeogopa kumwamsha mtu. "Baba Watoto, mkono unanishika. Si wangu huu."

Alimvuta kiunoni kwa nguvu zake zote, hakusogea hata kidogo. Akarukia swichi kuu, akaizima. Taa zikazimika na feni ikasimama, lakini mashine iliendelea kunguruma na skrini ilibaki inawaka. Akaandika amri ya kusimamisha, akakosea, akaandika upya huku machozi yakimziba macho.

KUSHOTO KIMEBONYEZWA.

"Nisamehe, mke wangu," alisema. "Nilitaka ubaki na kazi."

Kitufe cha kulia, ambacho hakuna aliyekuwa karibu nacho, kikaanza kuzama taratibu, na kwenye skrini ukaongezeka mstari wa pili.