Waliovuliwa Jezi

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kiko karibu na geti la uwanja wa watoto. Asubuhi nafungua mlango wa bati, natoa kigoda, namwaga maji chini ili vumbi litulie. Halafu njumu zinaanza kuja. Nyingine zimeachama mbele kama zina njaa. Nyingine zimepasuka ubavuni. Nashona, napaka gundi, nagonga, narudisha. Watoto wote wa mradi ule wa mpira nawajua kwa miguu yao.

Mke wangu alifariki. Aliniachia kijana mmoja. Uwanjani wanamwita Komeo, kwa sababu akikaa golini hakipiti kitu. Mama yake ndiye aliyempeleka kwenye mradi, akiwa mdogo, glovu zinamfika kwenye viwiko. Mama alipoondoka, uwanja ule ulinisaidia kumlea. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Na kwa sababu ni kweli, hasira yangu kwa wakubwa wa mradi haipoi.

Sikia walivyofanya.

Wana desturi yao. Mwisho wa msimu, kila aliyefikisha miaka kumi na minane anaitwa katikati ya uwanja. Anavua jezi mbele ya wazazi. Anaikunja, anamkabidhi mwenyekiti. Watu wanapiga makofi. Mwenyekiti anasema, asante kijana, nenda kajenge maisha. Basi. Kijana anatoka getini na fulana ya ndani. Akajenge maisha na nani, kwa kitu gani, hilo hawasemi.

Komeo alivua jezi kama wenzake. Wiki iliyofuata alichukua glovu zake akaenda mazoezini. Hakutaka kucheza, alitaka kuwasaidia makipa wadogo. Mlinzi akamzuia. Amri ilikuwa kwamba asiye na jezi haingii, ili watoto walindwe na watu wa nje. Nilishuhudia mwenyewe, sindano mkononi. Kijana amekulia mle ndani, leo ni mtu wa nje. Watoto wakamwita kutoka golini. Akawapungia mkono, akaondoka.

Nyumbani akawa hasemi. Analala mpaka jua linamfikia kitandani. Nikamwambia aje kibandani nimfundishe kushona. Akaja siku chache, akishona huku macho yako uwanjani. Kisha akaacha kuja. Nikasikia anashinda kwenye maegesho ya malori, nyuma ya maghala.

Kule kuna kikundi kinachofyonza dizeli kwenye matangi ya malori madereva wakisinzia. Mkubwa wao anaitwa Bomba. Mmoja wao alishakamatwa na madereva, wakampiga mpaka taya likavunjika. Jioni moja Komeo alirudi, shati linanuka dizeli. Nilimfokea. Akanijibu kwamba yeye hafyonzi, yeye anakaa tu pembeni kuangalia kama mtu anakuja. Bomba alimpenda kwa sababu ana macho ya kipa.

Hebu fikiria. Wakubwa wa mradi hawakuona kazi ya macho yale. Mwizi aliiona.

Jirani yangu alitusikia tukigombana. Tunamwita Mama Kocha. Anafundisha mpira wa watoto kwenye uwanja mwingine, ng'ambo ya reli. Kesho yake, akianika nguo, aliniambia kwao vijana waliomaliza bado wanakuja. Nikamwambia kwao kuna wakubwa wenye akili. Akacheka. Akasema nao waliwapoteza vijana wengi kabla ya kujifunza, kwa sababu mtu hakai mahali ambapo hana kazi iliyo yake. Mimi sikutaka somo. Nilitaka kumkamata mwenyekiti kwenye ukosi wa shati.

"Mkamate, Baba Komeo," akasema. "Ila ujue utamwomba nini ukishamkamata."

Siku hazikupita nyingi, mradi ukaandaa mashindano na wageni wakubwa. Mwenyekiti akatuma ujumbe kwenye simu: vijana wetu wa zamani, karibuni nyumbani. Komeo alifua glovu zake, akazianika ukutani. Alinyoa nywele. Kwa mara ya kwanza tangu avue jezi, nilimsikia akipiga mluzi.

Alirudi jioni amenuna. Akanieleza kwa maneno machache. Upepo ulikuwa mkali, kwa hiyo alipewa nguzo ya hema aishike. Wenzake walibebeshwa mabenchi. Wakapigwa picha moja, kisha wakaambiwa wasogee, wanawaziba wageni. Glovu hazikutoka mfukoni.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa kitu kingine. Kocha wa pale ana tabia moja: mtoto akichelewa au akikosea, anawekwa golini kama adhabu. Siku ile kaliwekwa katoto kembamba. Mpira ulipokuja, kakageuka kwa woga, ukakapiga shingoni. Kakaanza kulia. Komeo aliyaona yote hayo, mikono imeng'ang'ania nguzo.

"Sirudi pale, Baba," akasema. Akatoka kuelekea kwenye malori. Nilimwita. Hakugeuka.

Jumatatu, mwenyekiti mwenyewe akaja kibandani. Soli ya kiatu chake cha kulia ilikuwa imebanduka njiani. Akakaa kwenye benchi, akavua kiatu, akanipa. Soksi yake ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba.

"Fundi, nifanyie haraka kidogo. Nina kikao."

Nikamuuliza kikao cha nini.

"Cha vijana wa zamani. Tunawaita, wanakuja mara moja, hawaonekani tena. Vijana wa siku hizi hawana shukrani."

Niliweka kiatu chake mapajani. Nikaweka na nyundo juu yake.

"Mwenyekiti, mwanangu alikuja kwako na glovu. Wewe ukampa nguzo ya hema."

"Alitusaidia sana siku ile."

"Nguzo inafungwa kwa kamba. Mwanangu sasa hivi yuko kwenye malori na wezi wa mafuta. Madereva wakimvunja taya, utakuja kumpigia makofi?"

Akatazama kiatu chake. Akatazama barabara, kokoto tupu. Hakuwa na pa kwenda. Nikamwambia mengine ambayo hapa siyaandiki.

Mama Kocha akatukuta hivyo. Alifuata njumu za binti yake. Akamsalimia mwenyekiti kwa heshima, akakaa pembeni yake. Ile heshima iliniudhi, lakini ndiyo iliyomfungua masikio.

"Mwenyekiti, ulipowaita wale vijana, uliwauliza nini?"

"Niwaulize nini tena? Niliwakaribisha."

"Hapo ndipo mnapowapoteza. Unamwita mgeni mtu ambaye anajijua ni mwenyeji. Muulize mmoja mmoja: unajua nini, unapenda kufanya nini, una nafasi lini? Mwenye kazi anaweza kuja mara moja kwa mwezi, inatosha. Kisha mpe jambo ambalo asipokuja litalala. Na umfundishe namna ya kulifanya."

Mwenyekiti akasema geti lilifungwa kwa ajili ya usalama wa watoto. Mama Kocha akakubali kwamba hilo ni jambo la maana, na lisilegezwe. Anayekaa na watoto lazima ajulikane mwenendo wake, afundishwe miiko, na asibaki peke yake na mtoto mahali pa kificho. Lakini kijana uliyemwona akikua, akasema, ni rahisi kumjua kuliko kocha wa kuokota. Akaongeza kwamba kazi isianze siku ya kuvua jezi. Ianze mwaka mmoja kabla, kijana apewe kikundi cha wadogo awe anakizoea. Na wanapokaa wakubwa kuamua mambo, wawili watatu kati ya hao vijana wawepo, waseme, wasikilizwe.

"Na wakikataa?" mwenyekiti akauliza.

"Wengine watakataa. Utawauliza tena siku nyingine. Ila usitume ujumbe. Nenda kwa miguu yako."

Nilikuwa nimeshapaka gundi. Nikagonga soli kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. Nikamwambia kiatu kiko tayari, na kinaanzia kwenye malori.

"Fundi, nina kikao."

"Kikao chako kiko kule."

Tukaenda. Komeo alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, anaangalia barabara. Wenzake walipomwona mtu mwenye koti wakajisogeza nyuma ya lori. Mwenyekiti akaanza hotuba: kijana wetu, mradi unatambua mchango wako. Nikakohoa. Akanyamaza, akaanza upya.

"Komeo, ungependa kufanya nini pale uwanjani?"

Kijana wangu akamtazama kwa muda mrefu, kama anayesubiri penalti.

"Acheni kuwaweka watoto golini kama adhabu," akasema. "Nipe makipa. Nitawafundisha kuanguka kwanza. Wanaanguka kama magunia, ndiyo maana wanaogopa mpira."

"Na siku ya wageni, hema?"

"Utashika mwenyewe."

Niligeuka upande wa pili nisije nikacheka mbele yao. Mwenyekiti akakubali. Akamwambia aje kesho. Komeo akauliza habari ya mlinzi.

"Nitakuwa getini mimi," mwenyekiti akasema.

Na kweli alikuwepo. Mama Kocha akaja mara kadhaa kuwafundisha, Komeo na wenzake, namna ya kukaa na watoto na miiko yake. Yuko binti aliyekuwa winga, sasa anashona nguo. Yeye anapata nafasi Jumamosi tu, akachagua kuwa refa. Yuko anayejifunza ufundi wa magari, huyo anakuja mwisho wa mwezi, na watoto wanamsubiri. Vijana wa mwaka wa mwisho kila mmoja ana kikundi cha wadogo tangu sasa. Wawili wa zamani wanakaa kwenye kamati. Mwenyekiti ananilalamikia kwamba wanabishana mno. Namwambia afadhali.

Si wote waliorudi. Na mimi bado nikimwona mwenyekiti sicheki. Jambo la kuuliza tu, mtu mzima na koti lake, mpaka soli ibanduke ndiyo alijue?

Komeo haendi tena kwenye malori. Akitoka mazoezini anakuja kibandani, anashona mpaka jioni, na mdomo haufungi. Nimejua majina ya makipa wote na nani anaogopa nini.

Juzi Bomba alikuja mwenyewe. Nikajua amemfuata Komeo. Akanisalimia shikamoo kwa adabu, akasimama kwenye uzio, akapiga mluzi. Komeo alikuwa na kasichana golini. Hakugeuka. Alinyoosha mkono mmoja nyuma, wa kumwambia asubiri. Mpira ukapigwa chini, pembeni. Kasichana kakajirusha kwa ubavu, kakaudaka, kakasimama nao kifuani bila hata kujipangusa.

Nilisubiri Bomba aite tena. Hakuita. Alishika waya wa uzio kwa mikono miwili.

"Mzee," akasema, "na mimi nilichezea hapa. Kabla hujaweka kibanda. Beki wa kushoto."

"Ukaacha lini?"

"Nilivua jezi."

Sindano ilibaki katikati ya soli. Nikainuka, nikaenda getini, nikamwita mwenyekiti kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia. Nikamwambia yuko mwingine hapa nje, na hajaulizwa bado.