Mkono wa Saba Mezani

Kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Kalamu Nyekundu, naye jina hilo lilimpendeza, maana hakuwahi kugeuka ghafla akaona jinsi walivyokunja pua wakilitaja. Kazi yake ilikuwa kusahihisha kurasa kabla hazijaenda kuchapwa. Miaka ishirini ya kuwinda makosa ya wenzake ilikuwa imemvimbisha kichwa hata akaamini kwamba yeye hana kosa. Barua ya mama mkwe wake aliwahi kuirudisha ikiwa imesahihishwa. Neno asante halikupita mdomoni mwake. Mtu akimfanyia jema, yeye hutazama kwanza limeharibika wapi.

Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, alisukuma sahani pembeni akaweka sanduku la kadibodi mezani. Mkewe, ambaye ni muuguzi, alikuwa zamu. Nyumbani walibaki yeye na binti zake wawili: mkubwa wa miaka kumi na mitatu, na mdogo wa miaka sita, ambaye wote walimwita Kibibi kwa jinsi alivyopenda kuamrisha watu.

Sandukuni mlikuwa na kompyuta, ila ilikuwa vipande vipande. Bodi, feni, kebo za rangi, kibodi, skrini ndogo, mfuko wa skrubu, na kitabu cha maelezo kilichopigwa taipu. Vyote alipewa na mjalidi wa kiwandani, mzee wa kufunga vitabu aliyekuwa anastaafu.

"Nilianza kuiunga na wanangu, nikaacha," mjalidi alimwambia. "Nakuomba, bwana mkubwa, soma maelezo yote. Usiruke mstari."

"Mimi nifundishwe kusoma na mpaka gundi?"

Mjalidi alimsukumia sanduku, akarudi kwenye gundi yake. Mtu wa namna hiyo utamwambia nini?

Basi kazi ikaanza. Binti mkubwa alisoma hatua kwa sauti, baba akashika bisibisi, na Kibibi akapewa cheo cha kuchambua skrubu.

"Hatua ya nne. Kaza kwa nguvu, kwa uangalifu, polepole..."

"'Kaza' inatosha. Huyu mwandishi alikuwa analipwa kwa neno?"

"Hatua ya kumi. Kabla ya kuwasha, hesabu mikono yote iliyo mezani. Ikizidi..."

"Lete hapa."

Alimpokonya kitabu, akatoa kalamu yake ya wino mzito, akaufuta mstari ule. Hakuridhika. Akaufuta tena, na mistari miwili iliyoufuata, hata karatasi ikalowa na pasionekane kitu isipokuwa matope mekundu. Pembeni akaandika: Upuuzi.

"Lakini baba, ilikuwa inaendelea."

"Ilikuwa. Sasa haiendelei."

Akainamia bodi. Kazi yenyewe ilihitaji subira, na subira hakuwa nayo. Kila kitu kilichomponyoka lilikuwa kosa la watoto. "Shika hapa. Si hapo, hapa! Umezubaa kama kuku aliyenyeshewa. Mmemrithi mama yenu, nyinyi."

Skrubu ilidondoka. Akasonya. Kabla hajamaliza kusonya, mkono mdogo ulitokea kushoto kwake, skrubu iko katikati ya kiganja.

Aliichukua bila kuinua macho.

Toka hapo mambo yakaenda. Mkono ule ulishika bodi isitikisike. Ulimpa kebo nyekundu kabla hajaitaja. Ulinyanyua feni na kuiweka sawasawa kwenye matundu yake, taratibu, kama wa fundi wa siku nyingi.

"Angalau mmoja wenu ana akili," alisema. "Kibibi, umemshinda dada yako."

"Nini, baba?"

Sauti ilitoka nyuma yake, mlangoni. Aligeuka. Kibibi alikuwa amesimama na kikombe, mdomo umelowa.

"Nilikwenda kunywa maji," alisema. "Nilimwaga kidogo, nikapangusa."

Baba alimtazama binti mkubwa, ng'ambo ya meza. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kitabu. Hakuwa anamtazama baba yake. Alikuwa anatazama kushoto kwa baba.

Mkono ulikuwa bado umeshika feni.

Ulikuwa wa mtoto. Kucha safi, zimekatwa vizuri. Ulianzia kwenye ukingo wa meza, na nyuma ya ukingo hapakuwa na bega wala mtu.

Aliinama kuchungulia chini. Aliona miguu ya meza, kandambili zake na punje za wali. Alipoinuka, mkono haukuwepo.

"Baba," binti mkubwa alinong'ona. "Usiwashe."

"Kwa nini?"

"Umeuona."

"Nimechoka macho. Na wewe umechoka akili."

Angeweza kuacha. Mtu yeyote mwenye chembe ya busara angeacha, akawachukua wanawe wakaenda kukaa kwa jirani. Lakini kuacha kulikuwa kukiri, mbele ya watoto, kwamba mstari ule haukuwa upuuzi. Aone aibu mbele ya mtoto wa miaka sita? Bora nyumba iungue. Akachomeka plagi. Akabonyeza swichi.

Feni ilizunguka. Skrini ikawa ya kijani.

"Inawaka!" Kibibi alikimbia kuona, akaweka kiganja mezani.

Mkono ukatoka. Ukamshika kifundo cha mkono.

"Baba," Kibibi alisema polepole. "Inanivuta."

Alichomoa plagi. Feni iliendelea kuzunguka. Aliubamiza mkono kwa bisibisi, na bisibisi ikagonga mbao tupu.

"Mwachie, mshenzi wewe! Mwachie, mwanaharamu!"

Kila tusi, mkono ulivuta zaidi. Vidole vya Kibibi vilipita ukingo. Kikapita kifundo. Kikapita kiwiko. Binti mkubwa alimkumbatia mdogo wake kiunoni, akachungulia chini ya meza, akapiga kelele.

Mkono wa Kibibi haukutokea upande wa pili. Uliishia ukingoni.

"Kitabu, baba! Uliufuta ule mstari! Kilisema tufanyeje?"

Alikinyakua. Matope mekundu. Hakuna herufi hata moja. Kalamu yake ilikuwa imefanya kazi nzuri sana.

Akageuza ukurasa, akaupapasa upande wa nyuma kwa kidole. Taipu ilikuwa imegonga karatasi kwa nguvu, na nyuma kulikuwa na vinundu. Alikimbia dirishani, akauinamisha ukurasa ili mwanga wa jua uupige kwa ubavu. Herufi zilikuwa kinyume, lakini ujanani alijifunza kazi kwa herufi za kuchapia za madini ya risasi, ambazo husomwa kinyume. Akasoma kwa sauti.

"Ikizidi, aliyesaidiwa ashukuru. Asitukane. Ashukuru mpaka aachiwe."

"Shukuru basi!" binti alilia. "Baba, bega linaingia!"

"Asante," alisema.

Alilitupa neno lile kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa. Mkono ukavuta. Shavu la Kibibi likagusa mbao. Hakuwa analia tena. Alikuwa anasikiliza kitu kilichokuwa chini.

"Dada," alinong'ona, "kuna watoto huku."

Hapo ndipo Kalamu Nyekundu alipopiga magoti.

"Asante kwa skrubu," alisema. "Asante. Asante kwa kebo. Asante kwa kunishikia bodi. Mimi ndiye niliyekuwa mzembe. Si watoto, ni mimi. Nisamehe, sikukutazama hata usoni."

Kuvuta kukakoma.

Akaendelea. Alishukuru kwa feni. Alishukuru kwa yale asiyoyajua. Sauti ilimkauka, akashukuru kwa kunong'ona, huku jua likihama dirisha moja hadi jingine na bega la Kibibi likirudi nusu kidole, nusu kidole. Kiwiko. Kifundo. Vidole vitano. Skrini ikafifia, feni ikasimama.

Siku hiyohiyo alivunjavunja ile mashine kwa nyundo, akaipeleka jalalani kwa mikupuo miwili, akaona haya kumtazama mtu njiani.

Siku hizi anamshukuru kila mtu. Anaushukuru mlango ukifunguka. Anakishukuru kiti kabla hajakaa. Kiwandani wanasema mzee hatimaye amepata adabu, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Si adabu. Ni woga tu, na binti zake wanaujua, ndiyo maana akiwaambia asante hawamjibu.

Jioni ile mkewe aliporudi, alikuta kwenye kifundo cha Kibibi alama za vidole vitano, nyeupe, kama mahali mtu alipoguswa na barafu. Alisema ni ngozi tu, zitapotea baada ya wiki.

Kibibi sasa ana miaka saba. Mwanzoni alama zilikuwa ndogo, za mtoto wa rika lake. Juzi mama yake, akimwogesha, aliweka vidole vyake juu ya zile alama, kimoja kimoja.

Vilitoshana. Alama ya gumba tu ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko gumba lake.