Sauti ya Kuazima

Kwanza ilikuwa pumzi tu. Ghislaine Chassagne alikuwa peke yake kwenye chumba cha kukatia kanda, saa nne asubuhi, jua la Paris limejaa dirishani na kahawa yake haijapoa, aliposikia mtu kwenye spika akivuta pumzi kabla ya kuimba. Ilikuwa pumzi nzito, yenye kikohozi kilichozuiwa kwa nguvu. Akasimamisha mashine. Jana pumzi ile haikuwepo.

Alijua vizuri jana kulikuwa na nini, maana ndiye aliyekiweka. Opera yenyewe ilitokana na ile ngano ya ndugu wawili waliokutana na bibi wa miujiza kisimani: mmoja akifungua kinywa zinadondoka lulu, mwingine wanaruka vyura. Blandine, mdogo wake Ghislaine, ndiye aliyeimba sehemu ya binti wa lulu. Ilikuwa santuri yake ya kwanza, na mwimbaji anayeharibu ya kwanza hapewi ya pili. Aliimba vizuri mno mpaka siku ya mwisho, mafua yakambana, na noti ya juu kuliko zote ikamtoka kama bawaba yenye kutu. Wapigaji ala walikwishafungasha vyombo vyao, hapakuwa na kurudia.

Ghislaine akafanya jambo ambalo wakataji kanda hulifanya kimyakimya. Akaazima. Kabatini mlikuwa na santuri kuukuu ya matendo mawili ya kwanza ya opera hiyohiyo, imeimbwa na Léonie Vauquelin, aliyekufa kwa ugonjwa wa mapafu miaka thelathini nyuma, wiki moja tu baada ya kuirekodi. Ghislaine akainakili noti ya Léonie kwenye kanda, akaikata kwa wembe na kuipachika penye ile mbovu, kisha akaweka alama mbili kwa penseli nyeupe, mwanzo na mwisho. Zilikuwa sekunde nne tu. Hakumwambia mtu, hata Blandine mwenyewe. Alimpenda mdogo wake, ndiyo, lakini pia alijisifu moyoni kwa mkono wake mwepesi.

Kesho yake, maneno mawili yaliyotangulia noti ile yalikuwa ya Léonie, ulimi ukitetema mtindo wa mabibi wa zamani. Siku ya tatu ulikuwa mstari mzima. Chumba kikaanza kunuka kafuri na shuka zenye jasho la mgonjwa.

Mchana huo Blandine alisukuma sahani ya supu mezani. "Dada, nikijaribu kuimba, nikifika ule wimbo wa kisimani sauti inakatika. Haikwaruzi. Haipo kabisa."

"Mafua hayo."

"Mafua gani wiki ya pili? Halafu nanusa kafuri. Wewe hunusi?"

Ghislaine alinusa. "Sinusi kitu," akasema. "Kula."

Siku ya sita Blandine alikuwa akinong'ona, na kwenye kanda wimbo wote ulikuwa wa marehemu. Ghislaine akamkimbilia mzee Kerdoncuff, mpiga piano aliyemfundisha Blandine, na ambaye ujanani alimpigia Léonie. Mzee alimsikiliza kisa chote mpaka mwisho, akafunika piano.

"Umechokonoa kaburi kwa wembe, binti."

"Ni sekunde nne tu, mzee."

"Sekunde nne! Na sindano ya sumu ina urefu gani?" Akapunguza sauti, akitazama mlango. "Léonie alikufa akimtukana daktari, analilia tendo la tatu la opera ile, ambalo hakuwahi kuliimba. Kilichobaki si marehemu. Ni jini lililovaa sauti yake. Kata kipande ulichopachika, ukichome, wala usizime mpaka kiwe majivu, hata kikikuita kwa jina. Lakini sikiliza kwanza. Sikiliza, Ghislaine! Hao hawatulii mahali pamoja. Hakikisha unayemchoma ni yeye."

Alirudi akamkuta Blandine chumbani mwa kanda, kakaa kwenye kigoda, skafu shingoni. Ghislaine akaipitisha kanda mashinani, akanyoosha kidole kwenye kitufe.

"Usiiwashe, dada," Blandine akanong'ona. "Nikimsikia tena nitakufa. Alama si zako mwenyewe? Kata tu."

Alama zilikuwa zake, kweli. Miaka tisa alikuwa akikata kwa alama, na hata siku moja alama hazikumdanganya. Akakata, akakiweka kipande kwenye bakuli la chuma, akawasha kiberiti.

Mashine ilikuwa imezimwa, lakini spika ikalia. Ililia kwa sauti ya Blandine, "Dada, ni mimi, zima, dada!" na Ghislaine akakumbuka aliyoambiwa na mzee, akashikilia bakuli kwa mikono miwili huku chuma kikimbabua viganja na harufu ya kafuri ikijaa chumbani, akijiambia kwamba hilo ni jini, jini linaiga, jini lina hila, na sauti ikazidi kulia, ikasema Limoges, mji wa utoto wao, ikasema chini ya meza mabomu ya vita yakianguka, ikasema ulinishika mguu mpaka asubuhi ili usinipoteze, jambo ambalo hapana mtu duniani alilijua zaidi ya wao wawili, ndipo Ghislaine akapiga ukelele na kutia vidole motoni.

Alitoa majivu tu. Spika ikanyamaza.

Nyuma yake mtu alivuta pumzi nzito. Kisha noti ikapanda, ile ya juu kuliko zote, safi, imejaa, ulimi ukitetema. Blandine alikuwa amesimama, skafu iko sakafuni. Uso ulikuwa wa mdogo wake, mpaka kidoti cha kidevuni.

"Ahsante, binti," akasema. "Tia kanda mpya. Tuna tendo la tatu."

"Mrudishe," Ghislaine akalia. "Nakuomba, mrudishe mdogo wangu!"

"Nimrudishe kutoka wapi? Nilipoingia humu yeye alihamia kwenye kanda, nawe umemchoma, kwa mkono wako mwepesi." Akacheka. "Washa."

"Siwashi."

"Basi nitakohoa." Akaweka kiganja kifuani, akakohoa mara moja, taratibu, na doa jekundu likatokea mdomoni. Akalifuta kwa kidole, akalionyesha. "Mapafu haya ndiyo yote uliyobakiwa nayo ya mdogo wako. Nami najua yanavyouawa, polepole, nilishapitia. Haya, washa."

Ghislaine akawasha.