Mkaa wa Nyumba ya Bibi Mikeka

Mdogo wangu alipopunguzwa kazi kwenye karakana ya uhunzi, hakujifungia chumbani kuomboleza. Asubuhi iliyofuata alikunywa chai yake ya rangi, akavaa ovaroli ileile, akaniambia, "Dada, kuanzia leo karakana iko hapa nyuma." Nikacheka. Mke wake, wifi yangu, hakucheka. Alikuwa na mimba ya kwanza, na mwanamke mwenye mimba anataka kusikia habari za kazi, si za karakana ya uani.

Nyumba ile tuliachiwa na mama. Mimi nashona nguo barazani, kwa hiyo hakuna kilichoingia wala kutoka bila kupita mbele ya cherehani yangu. Niliiona rimu ya lori ikipita, akaisiriba kwa udongo wa kichuguu ili iwe tanuri la kuhifadhi joto. Nililiona bomba la hewa likipita, na kipande cha reli alichokifunga juu ya gogo kiwe fuawe yake ya kupigia chuma. Mvukuto wa kupulizia moto aliuunda kwa mbao mbili na ngozi ya kochi la marehemu mama. Miaka yote nimelikalia kochi lile bila kujua nimekalia mvukuto. Mwisho akajenga kibanda cha mabati, akakitia mlango mmoja wa mbao usio na kitasa wala komeo. Tuliuegesha kwa tofali tu.

Kilichomshinda ni moto. Mkaa tuliokuwa tukipikia ulikuwa mwepesi, nusu yake chenga, na ukipulizwa unarusha cheche na kwisha kabla chuma hakijawa chekundu. Akaenda kwa seremala kuomba maranda. Yakawaka kwa kishindo yakazimika. Akajaribu magunzi. Akajaribu kuni mbichi, moshi ukaingia mpaka kwenye nguo za wateja wangu, nikamfuata uani na mkasi mkononi.

"Unataka bibi harusi wa watu anuke kama nyama iliyobanikwa?"

"Nivumilie, Dada. Chuma hakipikwi kwa moto wa chai. Kinataka mkaa wa mti mgumu ulioiva polepole chini ya udongo. Wachoma mkaa wa siku hizi wana haraka mno, wanafukua kabla haujaiva."

Siku chache baadaye alirudi na toroli limejaa magunia, uso umemchanua. Akachukua vipande viwili akavigonganisha, vikalia kama vigae vya kioo. Nilimwuliza ameutoa wapi. Akasema riziki haina mwenyewe. Lakini mimi ni mshonaji, macho yangu yamezoea kutafuta uzi uliopotea kwenye zulia. Kipande kimoja kilikuwa na bawaba imeng'ang'ania ubavuni. Mkaa wa msituni hauna bawaba.

Mwisho wa mtaa wetu palikuwa na nyumba ya udongo ya mwanamke mzee aliyesuka mikeka, asiye na mume wala mtoto. Tulimwita Bibi Mikeka. Kiangazi kilichopita watoto kadhaa wa mtaa walikufa kwa kuharisha, na watu wakaona ni rahisi kumshuku bibi kwa uchawi kuliko kukishuku kisima. Lisemwalo lipo, walisema. Methali hiyo imezika watu wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Siku moja mchana, nilipokuwa nimekwenda mbali kununua vitambaa, nyumba iliungua na bibi akiwa ndani. Niliporudi, mtaa mzima ulikuwa haujaona kitu: huyu alikuwa shambani, yule msibani, mwingine eti alikuwa amelala. Polisi waliandika kwamba ni moto wa jikoni, na wote tulijua kwamba bibi alikuwa akipikia nje.

Kuta za udongo ziliziangukia nguzo na boriti zingali zinawaka, zikazifunika. Mti ule mgumu ukaiva humo chini bila hewa, polepole, kama vile fundi ameupanga. Mimi na wewe tungepita pale tukaona kichuguu cha huzuni. Mhunzi alipita akaona mkaa.

"Mkaa ni mkaa," aliniambia nilipombana. "Mti haujui ndani alikuwamo nani."

"Na mwenye nyumba?"

"Mwenye nyumba hayupo."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, mkono tumboni. Alitutazama wote wawili, akarudi ndani.

Niseme ukweli, sijapata kuona moto mzuri kama ule. Haukutoa moshi hata wa kupofua mbu. Chuma kiliiva upesi, kikawa laini chini ya nyundo, na mdogo wangu akaanza kupiga mluzi kama zamani. Kisha aliuacha mvukuto akaenda kuchukua koleo ukutani. Makaa yakafifia. Yakang'aa. Yakafifia tena, yakang'aa. Mvukuto ulikuwa umelala chini, na moto ulikuwa unavuta pumzi. Haikuwa pumzi ya mtu mwenye afya. Ilivuta kwa taabu, ikakwama, ndipo ikatoka.

"Upepo," alisema.

Niligeuka nikaitazama kamba ya nguo. Mashuka yalikuwa yametulia.

Wateja walikuja mbio, na karibu wote walitaka kitu kimoja: komeo la mlango. Tangu nyumba ile iungue, mtaa haukuwa unalala vizuri. Asiye na la kuogopa hafungi mlango kwa chuma kinene kiasi kile; hayo ni maneno yangu, mniwie radhi. Wa kwanza alikuwa mjumbe wa mtaa, mtu wa suti ya kaki na tabasamu la bure.

Nilikuwa uani naanua nguo mdogo wangu alipolitumbukiza komeo la mjumbe kwenye ndoo ya maji. Chuma cha moto majini kinapaswa kupiga ukelele. Hiki kilinong'ona.

"Umesema nini, Dada?"

"Sijasema kitu."

Akalipasha moto upya, akalitumbukiza tena. Safari hii nilisogea nikasikiliza. Lilikuwa neno moja, la sauti kavu, likajirudia mpaka maji yalipotulia.

Fungueni.

Nilimwambia aache kazi ile siku hiyohiyo. Akaniuliza mwanawe atavishwa nini, maneno? Akaendelea kufua chuma. Alitengeneza makomeo mpaka mkaa ukapungua nusu, na moja akalitia kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe, wifi apate kupumzika mchana bila kusumbuliwa.

Mjumbe ndiye aliyeanza kurudi. Alileta komeo lake limefungwa kwenye gazeti, akaliweka juu ya cherehani yangu kwa ncha za vidole.

"Linabana," alisema. "Mke wangu amekwama chumbani mpaka tumevunja mlango. Anasema alinusa moshi."

"Labda mnapika vibaya," nilimjibu.

Hakutabasamu. Aliinama karibu na sikio langu. "Watu wameanza kumsema mdogo wako, mama. Na lisemwalo..." Hakumalizia, akaenda zake. Nilikaa pale mguu juu ya pedali, cherehani haiendi. Nilijua maneno yale huishia wapi. Nilimwona mdogo wangu, na wifi, na kiumbe kile kisichozaliwa, wote ndani ya nyumba ya mama yetu, na mtaa mzima nje.

Kabla sijanyanyuka, wifi alipiga kelele chumbani.

Tulimkuta amejifungia. Komeo lilikuwa kwa ndani, mkononi mwake, na halikusogea. "Lina moto," alilia. "Kuna moshi humu." Sisi hatukuona moshi. Mdogo wangu aliuvunja mlango kwa nyundo yake kubwa, wifi akaanguka nje, anakohoa, kiganja chake kimeiva chekundu. Nililigusa komeo lile. Lilikuwa la baridi.

Tulimlaza barazani. Alipotulia, nilimkuta mdogo wangu amechutama uani, mgongo ameuelekeza kwenye kibanda chake. Ndani, moto ulikuwa unapumua.

"Ni mimi," alinong'ona.

"Wewe nini?"

"Siku ile. Mjumbe alisema tumzuie tu asitoroke, mpaka polisi wafike. Mlango wa bibi haukuwa na komeo. Nikapitisha waya kwenye pete za mlango, nikausokota kwa koleo." Akajipangusa uso kwa mkono wa ovaroli. "Kisha nikasikia harufu ya mafuta ya taa."

"Ukafanya nini?"

"Waya ulikuwa umeshapata moto, Dada. Haukushikika."

"Naye alikuwa anasema nini?"

Akaitazama ndoo ya maji. Hapakuwa na haja ya kulitaja neno.

Nilimchukia. Nasema wazi. Nilimchukia mtoto niliyembeba mgongoni mama akiwa kazini, niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Na papo hapo nilitaka aishi, amwone mwanawe.

"Kauzime," nilimwambia. "Mkaa uliobaki tunaurudisha ulikotoka. Kisha unakwenda polisi, ukaseme ulilolifanya wewe na aliyekutuma."

Aliitika kwa kichwa. Nadhani aliona nafuu. Akateka ndoo ya maji, akalisukuma tofali kwa mguu, akaingia. Jua lilikuwa la utosi, kivuli changu kimejikunja miguuni.

Mlango ukajifunga nyuma yake.

Nikasikia maji yakimwagwa. Nikayasikia yakinong'ona. Kisha mvukuto ukaanza.

"Acha kuvukuta," nilisema.

"Sivukuti, Dada." Sauti yake ilikuwa karibu, nyuma ya mbao tu. "Fungua."

Nilivuta. Mlango ule ulifunguka kwa nje, hata kuku aliweza kuufungua. Haukusogea.

"Dada. Fungua."

Nilivuta kwa mikono miwili. Niliweka mguu ukutani nikavuta. Nikayakimbilia mabati, lakini aliyapigilia mwenyewe, na alikuwa fundi. Nilirudi mlangoni. Nikaita majirani kwa majina yao, mmoja mmoja. Niliyaona macho madirishani. Pazia likasogea. Likarudi. Hakuna aliyekuja.

Akakohoa. Akakohoa tena. Kikohozi na mvukuto vikaenda pamoja, vikawa pumzi moja, inavuta, inakwama, inatoka. Ukucha wangu ulining'oka sikuhisi. Pumzi ikavuta. Ikakwama.

Haikutoka.

Mlango ukafunguka polepole, wenyewe, kama vile aliyeuegemea amechoka akaondoka.

Ndani hewa ilikuwa safi. Makaa yalikuwa meusi na ya baridi, ndoo imelala ubavu. Mdogo wangu alikuwa amelala kizingitini, mkono mbele, ovaroli haina hata alama ya moto, hakuna unywele uliobabuka. Daktari alitukalisha wifi na mimi akatuambia kifua chake kilijaa masizi, kama cha mtu aliyetolewa kwenye nyumba iliyoungua. Akauliza ni nyumba gani. Wifi alinitazama.

Mazishini mtaa mzima ulikuja. Walilia vizuri, kwa kilio ni hodari. Walisema marehemu alikuwa na pumu tangu utotoni, na mimi niliyemlea ndiyo kwanza naisikia. Nilikwenda polisi peke yangu, nikaeleza habari za waya na mafuta ya taa. Wakanisikiliza kwa adabu, wakanipa pole ya msiba, wakasema majonzi huleta mawazo mengi. Wifi alirudi kwao na mimba yake. Sikumzuia. Mkaa niliurudisha kwa toroli, gunia kwa gunia, nikaufukia pale ulipotoka, na hakuna aliyenisaidia kusukuma.

Siku nilipokwenda kuufunga mlango wa kibanda ndipo nilipoviona. Viganja viwili vya majivu, vidogo, vidole vimepinda kama vya mtu aliyesuka ukindu maisha yake yote. Viko upande wa nje, usawa wa kifua changu, pale anaposimama mtu anayeuzuia mlango usifunguke. Na upande ule, siku ile, alikuwepo mtu mmoja tu, naye ni mimi. Niliweka mikono yangu juu yake. Haikulingana.

Nimevisugua kwa maji, kwa mchanga, kwa msasa. Vipo.

Jana asubuhi nilipita kwa mjumbe nikamkuta amepiga magoti nje, mbele ya mlango wake, ana ndoo na brashi.

"Vumbi tu hili, mama," alisema kabla sijamwuliza.

Nilisogea. Sabuni ilikuwa inatiririka nyeupe juu ya vidole vilivyopinda, na vidole havikutoka. Ndani mtu alikohoa, kisha mwingine. Nilimwuliza ni nani.

"Mke wangu na watoto." Alinong'ona, hakuniangalia. "Mlango umegoma tangu alfajiri."

"Na madirisha? Mbona huvunji?"

"Watu watasema."

Nilichukua jiwe nikalivunja dirisha lake mimi mwenyewe. Tukawatoa mmoja mmoja, macho mekundu, wanatapika makohozi meusi, lakini hai. Mke wake alikaa chini barabarani akawakumbatia wote kwa pamoja. Mjumbe alisimama katikati ya vioo, povu la sabuni mpaka kwenye viwiko.

"Nifanye nini?" aliniuliza.

"Kaseme," nilimjibu. "Kaseme mlichokifanya."

Madirisha ya majirani yalikuwa yameanza kufunguka. Aliyatazama. Akautazama mlango. Kisha akapiga magoti, akachovya brashi kwenye ndoo, akaendelea kusugua.