Sura Yangu Si Tangazo

"Weka paswedi, dada."

Ashura hakuinua hata kidole. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya fundi simu, kwenye njia inayoingia soko la Mwanga, watu wakimpita kwa vikumbo na ndoo za dagaa na marobota ya mitumba. Alivaa dera la zambarau na ushungi mweusi, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni, maana alikuwa ameacha cherehani yake mara moja tu.

"Kilichovunjika ni kioo," alisema. "Paswedi ya nini?"

"Nijaribu kamera."

"Nitaijaribu mwenyewe."

"Basi niachie, urudi jioni."

"Siachi. Tengeneza nikiona."

Fundi akacheka. Aliitwa Mwinshehe, kijana mrefu wa Ujiji, ndevu zimechongwa, shati jeupe kama la mtu anayekwenda kuposa. "Humo ndani umeficha nini, dada? Dhahabu?"

"Mambo yangu. Wewe ya kwako umeyaanika?"

Mwinshehe akamvutia kiti cha plastiki. "Kaa basi unilinde."

Alimlinda mpaka kazi ikaisha, na kufikia hapo walikuwa wameshabishana vya kutosha kama samaki wa mgebuka anapendeza zaidi kwenye mkaa au kwenye mchuzi wa mawese. Mwinshehe alipoomba namba, Ashura alitikisa kichwa. "Nipe ya kwako. Nikitaka nitapiga."

Alipiga kesho yake.

Mapenzi yakashika moto. Mchana walipeana chai kati ya meza ya simu na kibanda cha ushonaji. Jioni simu ilikuwa haitulii.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula. Na wewe mfalme wa betri mbovu?"

"Mimi nimeshiba sauti yako. Ila niulize kitu. Wenzangu wote wapenzi wao wanawaposti. Wewe hata stetasi hujaniweka. Mbona unanificha?"

"Sikufichi. Nakutunza."

Mwinshehe alicheka, lakini neno lile halikumshuka.

Hakujua kwamba Ashura naye aliwahi kuanika. Zamani kidogo, kila gauni aliloshona alilivaa na kuliposti, nyuma yake lango la kwao Bangwe, chini yake jina la mtaa na saa anayofunga kazi. Mtu asiyejulikana akazichukua picha zile, akafungua akaunti kwa jina lake, akawa anachombeza wanaume. Siku moja mwanaume alishuka kutoka Kasulu na kitenge cha mama mkwe mkononi, akasimama langoni mbele ya majirani: amekuja kujitambulisha. Mama yake Ashura alijifungia ndani akalia. Tangu hapo Ashura alifuta kila picha, akafunga akaunti, asimwambie mtu. Aliogopa lile swali ambalo kila mtu angemuuliza: kwani wewe ulifanya nini?

Sikukuu ya Idi walikwenda ufukweni Bangwe. Ashura aliingia majini, akapandisha gauni la kijani hadi kwenye vifundo vya miguu, wimbi likampiga, akacheka. Mwinshehe akampiga picha bila kumwambia. Kesho yake mteja alimpongeza Ashura kibandani: "Hongera! Nimeona ulivyopendeza ziwani." Picha ilikuwa imewekwa na maneno: *Malkia wangu, Ashura wa Bangwe, fundi cherehani Mwanga.*

Ashura akampigia Mwinshehe simu. "Ifute."

"Kwa nini, mpenzi? Watu wamekusifu."

"Mwinshehe, ifute."

"Kuna mtu hutaki aione?"

Ashura akasema polepole, "Kama hilo ndilo lililokuja kichwani mwako, usinipigie tena."

Mwinshehe kwa hasira akaiacha picha palepale.

Haikuchukua muda. Rafiki yake, Iddi, alikuja mezani uso umemshuka. "Kaka, nisamehe. Shemeji ananitongoza." Akampa simu. Picha ilikuwa ileile ya ziwani, jina ni Ashura wa Bangwe, maneno matamu yamepangana.

Mwinshehe alinyakua ile simu, akakata soko akipiga watu mabega, akaingia kibandani kwa Ashura akiwa amevimba. Ashura alikuwa anashona, mguu kwenye pedali, mikono yote miwili juu ya kitambaa. Simu yake ilikuwa inachaji juu ya rafu, kioo kimezimika.

Simu ya Iddi ikatetemeka kiganjani mwa Mwinshehe. *Niko kitandani, nakuwaza.*

Alisoma. Akaitazama mikono ya Ashura. Akasoma tena. Hasira yote ikamwishia.

"Ashura... huyu si wewe."

"Si mimi. Na si mara ya kwanza." Akamweleza yote, mpaka kitenge cha mama mkwe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia ufute. Hapana ya mwanamke lazima ije na maelezo?"

Mwinshehe alitoa simu yake akaifuta picha mbele yake. "Nimekosa, mpenzi."

"Umekosa sana. Na kwenye simu za wengine bado ipo."

Mteja aliyekuwa anasubiri sketi akaguna. "Lakini mwanangu, nawe zamani si ulikuwa unajiposti mno?"

Safari hii Ashura hakuinamisha kichwa. "Mama, mtu akiibiwa kuku, tunamtafuta mwizi. Hatuulizi kuku alikuwa mnono kiasi gani. Nimekaa kimya kama mimi ndiye mwizi. Basi!"

Akafunga cherehani, wakaenda na Mwinshehe kituo cha polisi kutoa taarifa. Kisha Ashura akapita sokoni, kibanda kwa kibanda, akawaambia watu kwa mdomo wake: akaunti ile ni ya tapeli, iripotini. Waliiripoti hata wauza dagaa, mpaka ikafungwa. Aliyeifungua hakujulikana.

Mwinshehe hakusamehewa siku hiyo. Alisubiri, akaomba, akasubiri tena, hadi Ashura alipomwambia, "Haya, watume wazee."

Siku ya harusi ukumbi ulijaa. Ashura aliingia na gauni la dhahabu alilolishona mwenyewe, hina hadi viwikoni, vigelegele vikavuma. Mpiga picha alikuwa mmoja, na picha zake zilikuwa za kuwekwa kabatini. Asia, dada mkubwa wa Mwinshehe, aliinyanyua simu yake juu.

"Wifi, niruhusu japo moja! Harusi isipopostiwa, watu watajuaje kama umeolewa?"

Ashura akamshika mkono kwa upole, akaushusha.

"Ninaotaka wajue wamo humu ndani, wifi. Njoo tucheze."